Mpitaji Aliyesimama Juu ya Isiolo

Jumatano ile mwalimu Ekidor alitoka shuleni baada ya chakula cha mchana akisukuma wilbaro tupu, akaenda kwa Luul kuazima betri ya lori. Alikuwa ametandika gunia ndani ya wilbaro ili betri isiumie.

Lori lenyewe lilikuwa Bedford la kijani, na lilikuwa limesimama katika ua wa Luul tangu mwaka wa kiangazi kikubwa, sasa ni miaka mitano. Chini yake kuku walitaga, wakaangua, na wale vifaranga nao wakaja kutaga hapo hapo. Lakini lilikuwa zima. Kila Ijumaa watu wakishatoka msikitini, Luul alipanda kwenye kiti cha dereva, akaliwasha, akalisikiliza kwa muda wa chai kuchemka, kisha akalizima. Gari la mtu aliye safarini huwashwa, lisije likafikiri limeachwa. Mwenye lori alikuwa Warsame, mume wake, na Warsame alikuwa safarini.

Safari yake ilikuwa hivi. Alikuwa anarudi na mbuzi wa soko, akakuta kizuizi barabarani. Watu wenye sare waliwashusha wanaume kutoka kwa malori yaliyokuwa pale, wakawaambia waache magari, kuna maswali kidogo, watarudi. Wakapandishwa gari lingine. Lori la Warsame lilikutwa kando ya barabara, ufunguo uko ndani, mbuzi wako nyuma, na birika lake bado lina chai. Luul alizunguka ofisi za mji. Kila ofisi ilimwambia, mtu huyo hatumjui, lakini akirudi mwambie apite hapa. Hapakuwa na aliyesema amekufa, wala aliyesema yuko hai. Kwa hiyo Luul hakuwa mke na hakuwa mjane. Walipokuja watu kumposa, aliwakaribisha chai akawaambia hajui kama ana mume. Sheikh Shuriye, imamu wa mtaa wao, alimwambia angoje habari ya yakini, habari ya mtu aliyeona kwa macho. Basi alikuwa anangoja.

Huyo Warsame alikuwa mzito wa kujibu salamu. Ukimsalimu alikohoa kwanza, akaweka chini alichoshika, ndipo akajibu, na wewe umeshapita. Watu wa sokoni walimtania, "Wewe salamu yako inakuja na posta."

"Hodi," mwalimu Ekidor akasema mlangoni. "Habari ya mchana, Mama Halimo."

"Mzuri, mwalimu. Karibu kivuli."

"Sikai. Ni ile betri nilikuambia."

"Uliniambia ni ya redio."

"Ni ya redio, ndiyo."

"Ya kuongea na nani?"

"Na Mrusi. Atapita huku juu saa kumi."

"Anakuja ama anapita?"

"Anapita tu."

Luul alifikiri, akafunga kanga yake vizuri. "Betri ya Warsame haitoki bila mtu wake," akasema. "Naenda nayo."

Redio ilikuwa ya misheni. Bruda aliyekuwa akitengeneza pampu za maji ndiye aliyekuwa akiongea nayo na marafiki zake wa nchi za mbali, watu ambao hakuwahi kuwaona. Alipoenda likizo kwao alimwachia Ekidor redio, ruhusa yake, na nguzo ya kunasia sauti aliyoiunda kwa mabomba ya maji, ikafungwa juu ya tangi la shule. Alimwachia pia mpango aliokuwa ameanzisha, kwamba chombo cha Warusi kinachozunguka dunia, chenye watu ndani, kikipita juu ya Isiolo, wale watu wataongea na wanafunzi wa darasa la nane. Chombo kingetokea upande wa Leparua, magharibi, kipite juu, kizame upande wa mashariki. Muda ulikuwa kama wa kuvuta ndoo chache kisimani. Wanafunzi walikuwa wamepewa swali moja moja kwa Kiingereza, na wamelikariri mpaka hata wale wenye vigugumizi walilisema bila kukwama.

Swali la kwanza lilikuwa la Halimo, binti wa Luul. Alichaguliwa kwa kuwa ana sauti inayovuka uwanja, na pia kwa ajili ya betri. Alitakiwa kuuliza huko juu wanakula nini.

Saa kumi darasa lilikuwa limejaa. Luul alikaa kwenye kiti kidogo cha chekechea, mkono mmoja juu ya betri. Sheikh Shuriye alikuwepo kwa sababu alikuwa kwenye kamati ya shule. Ekidor aliita na kuita, redio ikatoa sauti ya mafuta yanayokaangwa, halafu mtu akaitika kwa Kiingereza kwamba anaisikia Isiolo. Ekidor akampa Halimo kipaza sauti.

Sasa, Halimo alikuwa mtoto wa malori, na babu zake walikuwa watu wa ngamia. Alichosikia yeye ilikuwa sauti ya mtu yuko njiani. Na mpitaji ana utaratibu wake. Kwanza anaulizwa amani, halafu anaulizwa njia. Kumuuliza mpitaji chakula kabla ya kumuuliza habari ni kama kuomba, na mama yake hakumlea aombe. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Basi lile swali la Kiingereza alilikalia, akasema:

"Salaam aleikum. Ni amani?"

Redio ikakaanga kidogo.

"Aleikum salaam. Ni amani," ile sauti ikajibu, kwa Kiswahili cha Isiolo, kile cha kukata maneno. Hapana aliyemuuliza alikijulia wapi. Mpitaji husema lugha ya njia anayopita.

"Umetoka wapi, na njia iko aje?"

"Ngoja," akasema. "Ngoja nisimame."

Maana mtu akiulizwa habari husimama. Anayetoa habari huku anatembea amemdharau aliyemuuliza, na watu wanaweza kukataa kumpa maji kwa sababu hiyo. Redioni ilisikika kama mtu anaweka mzigo chini. Mpishi wa shule aliyekuwa nje anachambua maharagwe aliangalia juu, akasema kupitia dirishani, "Mwalimu, kitu chako kimesimama." Akaendelea na maharagwe.

Kilikuwa kimesimama kweli, juu ya soko la mifugo, kidogo upande wa Leparua, cheupe kama punje ya mchele. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni na maswali yao waliketi chini. Waliona mambo yatakuwa marefu.

"Wewe ni nani?" Sheikh Shuriye akauliza, akiinamia kipaza sauti.

"Ni Matvei."

"Wa nani?"

"Wa Ilya."

"Wa nani?"

"Wa Foma." Akaishia hapo.

"Majina matatu tu ya ukoo," Sheikh akawaambia waliokuwa karibu, kwa huruma. "Lakini ni kijana. Endelea, Matvei."

Akaanza kutoa habari vile inavyotakiwa. Amani kwanza, halafu njia. Akasema njia ni nzuri isipokuwa bahari ni nyingi, unaweza kupita maji tu muda mrefu usione hata mtu wa kumsalimu. Amepita jangwa, amepita mto wa Misri. Mvua ameiona, iko baharini bado, inakuja polepole na si yote itafika. "Waliofunga mizigo wahame, wasifungue," akasema. Wazee waliokuwa dirishani wakaitikia, kwa sababu hata wao walikuwa wanaona hivyo.

Habari ya mpitaji aliyesimama haikai darasani. Kabla jua halijalegea uwanja ulikuwa umejaa. Lomorukai alikuja kutoka Ngaremara na fimbo yake na kigoda chake, akaketi mbele ya redio kama anayenyolewa.

"Ejoka," akasalimu kwa Kiturkana. "Punda wangu wawili wamepotea. Mmoja sikio limekatwa."

"Wako," mpitaji akajibu. "Nyuma ya nyumba ya mabati mapya, karibu na barabara. Wamefungwa kamba ya plastiki."

"Ya buluu?"

"Ya buluu."

"Hiyo kamba nilimpa shemeji yangu mimi mwenyewe." Lomorukai aliinua kigoda chake akaenda.

Ibrae, mwenye ngamia, aliuliza ngamia wake, akaambiwa wamevuka mto na jike limezaa. Gatakaa, mama wa Kimeru anayeuza viazi karibu na stendi, aliingia akijifuta mikono.

"Mimi sina mnyama," akasema. "Nina bwana. Anasema ako Nanyuki kwa kazi ya mjengo. Hebu niangalilie."

"Mama, mimi natoa habari za njia," mpitaji akasema. "Za nyumba sitoi."

"Basi umeshanipa," Gatakaa akasema. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, akarudi kwa viazi vyake.

Ekidor aliona Luul hajasogea kutoka kwenye betri. "Mama Halimo, betri ni yako. Uliza, hawa wengine wangoje."

"Wacha wenye mbuzi waulize kwanza," Luul akasema. "Mbuzi anahama. Wangu kama yuko mahali, yuko."

Jua lilipozama Ekidor alizima redio betri ipumzike. Mpitaji alikuwa amewaambia hana haraka, habari zikiwa hazijaisha haondoki. Luul alirudi nyumbani na betri yake kwenye wilbaro, Halimo akisukuma. Walikula uji wa jioni, wakaswali, wakalala.

Alhamisi asubuhi DO, mkuu wa tarafa, alifika shuleni kwa Land Rover. Alikuwa amepigiwa simu kutoka Nairobi, na huko Nairobi nao walikuwa wamepigiwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye homa ya mafua, na hakupenda kazi hiyo aliyopewa. Aliketi kwenye meza ya mwalimu akavutiwa kipaza sauti.

"Una kibali cha kusimama juu ya Isiolo?"

"Sina."

"Basi kwa nini umesimama?"

"Nimeulizwa habari."

DO alikuwa mtu wa kutoka mbali, lakini alikuwa amekaa Isiolo vya kutosha. Aliona jibu hilo halina kosa. "Malizia basi," akasema. "Leo uondoke." Akatoa leso akapangusa pua, akabaki ameketi ahakikishe.

Waliokuwa na wanyama walikuwa wamekwisha. Ndipo Luul akasogeza kile kiti cha chekechea.

"Salaam aleikum, Matvei."

"Aleikum salaam, mama."

"Ni amani?"

"Ni amani."

"Mimi ni Luul. Nauliza mwanamume, Warsame. Ni mrefu. Alishuka kwa gari mwaka wa kiangazi kikubwa na hajapanda tena."

Wenye kutoa habari hawarukii kubaya. Matvei aliuliza kwanza hali ya nyumba yake, akaambiwa ni nzuri. Akauliza kama watoto wako, akaambiwa yuko mmoja. Kisha akasema:

"Kuna mahali pa mawe meusi, kuna seng'enge imezunguka. Ndani ya seng'enge udongo una rangi mbili. Kwa ile rangi ya pili nyasi zimeota, na hakuna mbuzi anafika. Hapo kuna watu. Ni kumi na mmoja."

"Wamekaa aje?"

"Wamelazwa mstari. Hawakuelekezwa kibla."

Luul alitikisa kichwa kama mtu anayesikia bei ya sukari.

"Viatu?"

"Viatu vimewekwa kando, pamoja."

"Wangu alivaa akala, ile ya tairi. Ya kushoto ilikatika mkanda nikaishona."

"Na waya," Matvei akasema. "Waya wa shaba."

"Waya huo ulitoka kwa lori lake," Luul akasema. "Huyo mrefu ni wa ngapi?"

"Wa mwisho. Miguu yake imepita ya wengine."

Mwanafunzi mmoja alikuwa anakwaruza dawati kwa ukucha. Luul alikuwa ameondoa mkono juu ya betri, akaurudisha.

"Asante," akasema. "Ungekuwa chini ningekupa maziwa."

"Najua, mama."

DO alikunja leso yake. Akakisogeza kipaza sauti kwake. "Hapo unaposema, hapana kitu," akasema.

"Hapo kuna watu."

"Hapo ni eneo la mazoezi ya jeshi."

"Wamelala kwenye eneo la mazoezi."

"Na wewe umeingia hapo kwa ruhusa ya nani?"

"Sijaingia. Niko juu yake."

"Juu yake pia ni serikali," DO akasema. Alisema bila ukali. Ndivyo ilivyokuwa.

Sheikh Shuriye alisimama, akaomba nafasi. Alisema yeye haulizi mambo ya eneo, anauliza mambo ya ushahidi. Habari ya kifo inataka watu wawili.

"Niko na mwenzangu," Matvei akasema. "Alikuwa amelala."

Ikasikika sauti nyingine, nzito ya usingizi. Ilisema nayo imeona, mawe meusi, watu kumi na mmoja, akala yenye waya wa shaba. Sheikh alimuuliza ni wa nani, akatajiwa majina mawili tu, akaacha hapo.

"Si watu wa dini yetu," mzee mmoja akasema.

"Si wa dini yetu," Sheikh akakubali. "Lakini hawana ng'ombe hapa, hawana plot, hawataki kura. Sijui watadanganya wapate nini." Akamgeukia Luul. "Luul, umepata yakini. Kaa eda."

"Nimesikia," Luul akasema.

Bado palikuwa na jambo moja, maana mpitaji naye hupewa habari. Sheikh akamwambia Isiolo ni amani, maji yamepungua, bei ya mbuzi imeanguka, na jana mtoto wa mwenye duka la kona ameoa. Matvei akashukuru kwa yote. Mwalimu Ekidor aliuliza kama itawezekana angalau swali moja la wanafunzi, kwa sababu ya ripoti. Halimo akashika kipaza sauti akauliza kwa Kiingereza huko juu wanakula nini. Matvei akajibu kwa Kiingereza kwamba wanakula samaki wa kopo, na supu iliyotiwa ndani ya kitu kama cha dawa ya meno.

"Habari zimeisha?" akauliza.

"Zimeisha."

"Basi niende."

Ule mzigo ukasikika ukiinuliwa. Punje ya mchele ikasogea juu ya soko, ikazama mashariki. Kwenye ripoti ya misheni mwalimu Ekidor aliandika kwamba mazungumzo yalienda vizuri na swali moja lilijibiwa.

Luul aliomba siku moja kabla ya kuingia ndani kwa eda. Ijumaa asubuhi alienda na Sheikh ofisini kwa DO, akamwambia anataka vitu viwili, cheti cha kifo na ruhusa ya kwenda kumzika mtu wake akiangalia kibla. DO aliwapa viti. Alimweleza polepole, kama mtu anayemweleza mzazi wake.

"Mama, kifo kinaandikwa na barua ya chifu. Chifu wa mahali mtu alifia."

"Hapo chifu ni nani?"

"Hapo hakuna chifu. Chifu anawekwa mahali pana watu. Hapo hakuna watu."

"Kuna kumi na mmoja," Luul akasema.

"Wangekuwa wameandikishwa pangekuwa na chifu," DO akasema. "Sasa hawakuandikishwa. Na bila chifu mtu hawezi kufa hapo. Unaona vile ilivyo?"

Luul alisema anaona. DO alimsindikiza mpaka mlangoni na akamwambia pole, na ilikuwa pole ya kweli.

Siku hiyo hiyo wanaume wa mtaa walichukua majembe na sanda, wakapanda pickup ya mwenye duka la kona wakaenda mpaka kwenye seng'enge. Waliyaona mawe meusi, na ndani waliona nyasi, kijani kibichi, wakati nchi yote ilikuwa rangi ya kahawia. Mlinzi aliwaambia waingie tu wakiwa na barua ya jamaa wa waliomo. Wakamuuliza kama basi kuna waliomo. Akasema hapana, ndiyo maana barua haiwezi kupatikana. Wakaswali wakiwa nje ya seng'enge, wakarudi na sanda zao. Wiki iliyofuata seng'enge iliongezwa mstari mmoja juu, na kibao kikabadilishwa rangi.

Luul alivaa nguo nyeupe za eda akakaa ndani. Wanawake walikuja na sukari na majani ya chai, wakakaa naye. Walisema Mungu amlaze pema, naye akaitikia. Hakulia sana. Miaka mitano ilikuwa imekula sehemu kubwa ya kilio, akabaki na kile cha kufanya kwa adabu.

Chombo kiliendelea kupita siku zake. Hakikusimama tena. Ekidor alisema wenye chombo wamemkataza Matvei, huko kwao kusimama ni kuharibu mafuta. Lakini sasa Luul hakuweza kutoka kwenda shuleni, na betri ya Warsame haitoki bila mtu wake. Kwa hiyo Ekidor alikuja na wilbaro, safari hii redio ndiyo imo ndani, juu ya gunia. Betri ikarudishwa mahali pake kwenye lori. Redio ikawekwa kwenye kiti cha dereva, na ile nguzo ya mabomba ikafungwa juu ya kichwa cha lori kwa kamba ya mbuzi. Ilikuwa karibu na magharibi. Luul alikaa ndani ya nyumba nyuma ya pazia la mlango, Halimo akakaa kwenye ngazi ya lori na kipaza sauti. Kuku walikuwa wanaingia chini ya gari kulala.

"Salaam aleikum, Matvei," Halimo akasema alipomsikia.

"Aleikum salaam. Ni amani?"

"Ni amani. Hooyo, mama yangu, ako eda, hawezi kuja."

"Namsalimu."

"Amesikia. Anasema hakuna habari anayotaka, usisimame. Anasema jambo moja tu."

"Aseme."

Luul alisema kutoka nyuma ya pazia, si kwa sauti kubwa, na Halimo akalipeleka neno kwa neno. "Anasema ukifika juu ya wale watu, wasalimu. Watu wakipita bila kuwasalimu ni vibaya."

"Nafika sasa hivi," Matvei akasema.

Redio ikakaanga. Ekidor alisimama karibu na mlango wa lori, akishika nguzo isipepesuke na upepo. Kisha wakamsikia Matvei, mbali kidogo na kipaza sauti chake, kama mtu anayewaita walio bondeni.

"Salaam aleikum."

Wakajibu. Ilikuwa sauti ya wanaume wengi pamoja, kavu kidogo, ya watu ambao hawajaongea siku nyingi.

"Wa aleikum salaam."

Wakanyamaza. Halimo alishusha kipaza sauti, akidhani wamemaliza. Ekidor naye alikwishanyoosha mkono azime. Ndipo mtu mmoja alipokohoa. Kikasikika kitu kinawekwa chini.

"Wa aleikum salaam," akasema huyo wa mwisho, peke yake.

Chombo kikazama mashariki, redio ikabaki na sauti ya mafuta. Ekidor alingoja kidogo, kwa heshima, kisha akaizima ili betri isiishe. Akasema usiku mwema. Akaacha redio hapo kwenye kiti, kwa kuwa hakuona haja ya kuisukuma kwenda na kurudi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Luul alitoka na nguo zake nyeupe mpaka uani, mwisho wa mahali anaporuhusiwa kufika mwenye eda. Akapanda kwenye lori, akasogeza redio kando, akaliwasha. Kuku wakatoka chini kama kawaida yao.

Halimo alikuja mlangoni na sufuria mkononi. "Hooyo," akasema, "si ulisema gari la marehemu haliwashwi?"

"Siwashi gari," Luul akasema. "Nachaji betri."

Akalisikiliza kwa muda wa chai kuchemka, kisha akalizima.